Mstari Shingoni mwa Sele

Nikisikia harufu ya nazi kavu ya mbata iliyochanganyika na nta ya moto, mkono wangu hujiendea shingoni wenyewe. Wajukuu wangu wamekwisha kuliona jambo hili nao hunicheka, husema bibi anajipima homa. Nawaacha wacheke. Wewe msomaji nitakueleza, maana nimelikalia neno hili miaka mingi, na umri nilio nao si wa kuendelea kukalia maneno.

Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka miwili. Tulikaa Msambweni, na mama yangu alikuwa mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilifika Kinondo na Matuga. Udongo aliuchota mwenyewe kando ya mto Mkurumudzi, akaukanda uani huku kanga ameifunga kiunoni. Msemo wake mkubwa ulikuwa udongo uwahi ungali maji, na aliutumia kwa vyungu na kwa watoto sawasawa, mara nyingine akiwa na mwiko mkononi.

Watoto tulikuwa wawili, kisha nikabaki peke yangu. Mdogo wangu Suleiman, tuliyemwita Sele, alifariki kwa homa katika masika ya mwaka uliotangulia. Alikuwa na miaka mitano, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika kwa juu tangu kuzaliwa. Siku zake tatu za mwisho alizimaliza mapajani mwa mama, kichwa kimelalia bega lake mwenyewe la kushoto, wala hakikuinuka tena. Baada ya arubaini mama hakumtaja. Alirudi kwenye vyungu vyake, nami nikajifunza kutouliza.

Basi akaja Bwana Mwakio. Alikuwa Mtaita mrefu, mpole, aliyetumwa na ofisi ya afya kutengeneza filamu ya kuwafundisha watu kulala ndani ya chandarua na kuwahi hospitali. Alipewa ghala la zamani la mbata, akaweka ndani yake kamera, taa mbili kubwa, na jenereta nyuma ya ukuta. Sote tulidhani atawapiga watu picha, na jirani zetu kadhaa wakaanza kuvaa vizuri bila sababu. Kumbe alitaka watu wa udongo. Alisema watu wa kweli huona haya mbele ya kamera. Akaulizia mfinyanzi, akaletwa kwetu.

Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akatueleza kazi yake. Kila mtu wa udongo angekuwa na urefu wa shibiri moja, na ndani yake waya laini badala ya mifupa. Angemsogeza mguu kiasi cha punje ya mchele, ampige picha, amsogeze tena, ampige tena. Picha ishirini na nne zingepita katika muda wa mtu kusema bismillahi, na jicho, kwa uvivu wake, lingeziunganisha na kuona mtu anatembea. Alisema ujanja huo, kama unavyosimuliwa, ulianza kwa bahati mbaya. Mtu mmoja huko Ulaya alikuwa akipiga picha za barabarani, kamera ikakwama kidogo, na ilipoendelea, gari la abiria likaonekana kugeuka ghafla kuwa gari la maiti. Baadaye mwingine akawafunga mbawakawa waliokufa nyaya miguuni, akawapiganisha mbele ya kamera, na waliotazama wakaapa kwamba amewafunza wakiwa hai.

Mama aliacha kukanda. Akauliza kama kweli wale wadudu walionekana hai. Bwana Mwakio akasema walionekana hai kabisa. Mama akarudi kwenye udongo wake, na baada ya kitambo akasema kazi ameikubali.

Udongo wa vyungu ungekauka na kupasuka chini ya taa, kwa hiyo Bwana Mwakio alimwonyesha kuuchanganya na nta na mafuta ya nazi. Siku ya pili mama alikuwa amekwisha kumsahihisha kipimo. Akafinyanga baba, akafinyanga mama, bibi mwenye mgongo uliopinda, na mwuguzi. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo Bwana Mwakio hakulijua, na sisi tulilijua tangu chuoni, tulikosomea Kurani. Maalim wetu alitufundisha kwamba wafanyao sanamu za viumbe, Siku ya Kiyama wataambiwa wazitie roho walizoziumba, na hawataweza, na hapo ndipo adhabu yao. Mama alikuwa na njia yake, aliyofunzwa na bibi yake. Kila sanamu aliyoimaliza aliizungushia uzi shingoni akauvuta kidogo, ukabaki mstari. Kitu kilichokatwa shingo, alisema, hakuna atakayekudai roho yake.

Bwana Mwakio alipowaona wamepangwa juu ya benchi, wote wamechinjwa, aliomba vipande vya kitambaa. Baba akashonewa kola, wanawake wakafunikwa kanga. Mimi niliwaogopa vilevile. Nilipewa kazi ya kuchora alama ya chaki ukutani kwa kila picha, ili hesabu isipotee, na sikukubali kuachwa peke yangu na watu wale hata Bwana Mwakio alipotoka kwenda kuangalia jenereta tu.

Mtoto mgonjwa wa filamu alifinyangwa mwisho. Mama alikaa naye siku tatu nyuma ya jiko, hakutaka mtu asogee. Alipofunua kitambaa, nilimwona Sele. Alikuwa kifua wazi, amevaa kikaptura, magoti yamekaa kama yake, na sikio la kushoto limekunjika kwa juu. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kumbeba, yote mawili kwa pamoja. Kisha nikamtazama shingo. Ilikuwa nyororo, haina mstari.

Nikamuuliza mama. Akasema mtoto hana shati, mstari utaonekana. Alilisema neno hilo huku akitafuta kitu chini ambacho hakikuwapo. Nilikuwa darasa la tatu, lakini sikuwa mjinga kiasi hicho. Angeweza kumshonea shati.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Kila nikisoma chuoni nilimwona mama amesimama mbele ya watu wote waliopata kuumbwa, Sele wa udongo yuko miguuni pake, anaambiwa amtie roho. Nilimwona anapuliza na kupuliza mpaka mashavu yanamuuma. Nilikuwa nimekwisha kumpoteza Sele, na sasa mama naye alikuwa anapotea kwa ajili ya shingo moja, na hakuna mtu mzima aliyejali. Nikaona kazi hiyo ni yangu.

Nilingoja adhuhuri. Watu wetu husema jua la utosi ni saa ya wasioonekana, na mtoto hatakiwi kuzurura. Bwana Mwakio alikuwa amekwenda kula, mama anaswali nyumbani. Ndani ya ghala palikuwa na joto la taa zilizozimwa punde tu. Watu wote wa udongo walikuwa wamemwelekea Sele, maana ndivyo walivyoachwa katika picha ya mwisho. Nilitoa uzi niliouchukua kwenye kikapu cha mama, nikauzungusha shingoni mwa mdogo wangu, nikasema bismillahi, nikavuta. Nta ilikuwa imelegea kwa joto. Uzi ukazama kuliko nilivyotaka, ukagusa waya. Nililia bila sauti, nikaupangusa ufa ule kwa kidole gumba mpaka shingo ikawa nyororo tena kwa nje. Hakuna aliyeona.

Kipande kilichobaki kilikuwa cha mwisho: mtoto amepona, anashuka kitandani, anatoka hospitali na kutembea mpaka mlangoni kwao, ambako mama yake anamngoja. Kilichukua siku mbili. Bwana Mwakio alivua viatu ili sakafu isitikisike. Alimpigilia Sele misumari midogo chini ya nyayo asianguke, akamsogeza, akarudi nyuma, kamera ikalia tak, nami nikachora chaki. Mama alisimama karibu na mlango tangu mwanzo mpaka mwisho, hakukaa. Nilimtazama Sele kila picha, na kila picha nilimwona yuko sawa.

Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa. Ilirudi baada ya wiki nyingi, na alasiri moja Bwana Mwakio akaziba madirisha ya ghala kwa magunia, akatundika shuka nyeupe, akatualika mimi na mama kuwa watazamaji wa kwanza.

Walitembea. Baba alilima, bibi alikohoa, na sikuweza kuamini kwamba niliwahi kuwaona wamesimama. Kisha akatokea Sele. Ngozi yake ilikuwa inatetemeka, inapanda na kushuka, kwa sababu vidole vya Bwana Mwakio viliacha alama mpya kwa kila picha, lakini mimi niliona mtoto anayepumua. Alishuka kitandani. Mama, pembeni yangu, alicheka kicheko kidogo ambacho sikuwa nimekisikia tangu masika yale.

Sele akatoka hospitali, akaanza kutembea, na kichwa chake kikaanza kulala. Kililala polepole, kidogo kidogo mno, ndiyo maana ghalani hakuna aliyekiona. Joto la taa lilikuwa limeufungua ufa wangu. Kila alivyokaribia mlango kichwa kilizidi kushuka upande wa kushoto, na shingoni ule mstari ukatoka wazi, mpaka akafika kwa mama yake sikio limegusa bega, vilevile kama alivyokuwa mapajani. Filamu ikaisha, shuka ikawa nyeupe.

Bwana Mwakio alianza kuomba radhi. Alidhani waya ndio uliolegea, akasema kipande kile atakikata, maana la kuvunda halina ubani.  Mama alimwomba airudie. Akairudia, na mama akaomba tena, na tena. Mara ya nne aliniangalia mimi badala ya shuka, kisha akanishika mkono tukaenda nyumbani, na hakuniuliza neno.

Kipande kikakatwa. Filamu iliyozungushwa vijijini ilikuwa na mtoto anayeshuka kitandani, na hapo ikakoma. Katika kijiji cha Kibuyuni walipigia makofi kupona kwake. Mimi peke yangu, kila nilipoitazama, nilijua kwamba yule mtoto hakufika kwao.

Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipopata ujasiri wa kukiri. Mama alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, lakini bado akifinyanga vitungi vidogo kwa kupapasa. Nilimwambia ni mimi niliyevuta uzi, nikamweleza na sababu: niliogopa ataulizwa.

Mikono yake haikusimama.

"Najua ni wewe, Mwanamisi. Mimi huvuta kulia, mstari ule ulivutwa kushoto."

Nikamuuliza mbona hakunipiga, mbona hakunisema hata siku moja. Akasema nilikuwa mtoto, tena nilifanya kwa kumpenda. Akakiweka kitungi chini, akapangusa vidole kwenye kanga.

"Wale wengine niliwakata kwa sababu sikuwa na haja nao," akasema. "Sele nilimwacha makusudi. Maalim alisema tutaamrishwa tuwatie roho. Mwanangu, mimi nimekaa miaka yote hii nikingoja mtu aniamrishe hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba Maalim alisema pia hawataweza. Sikusema, na ninashukuru sikusema, maana alikuwapo chuoni kabla yangu, alilijua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alikuwa tayari kupokea adhabu nzima kwa ajili ya kule kujaribu, kwa ajili ya kumwinamia mara moja tena na kumpulizia usoni.

Mama ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa. Watu wakimwombea mzazi wao humwombea asiulizwe kwa ukali, apitishwe kwa wepesi. Nami humwombea hivyo katika mengine yote. Lakini katika la Sele namwombea aulizwe.