Nguo Isiyo na Mwenge

Miaka ile ya Zaire, kila kata ya Bukavu ilipaswa kuwa na kikundi cha animasyo. Kwa msomaji ambaye hakuiona, nieleze kidogo. Animasyo ilikuwa ngoma ya kukaribisha wakubwa. Watu walipangwa kwa mistari, wakavaa kitambaa cha aina moja, wakaimba na kucheza kwa hatua zilezile. Aliyekosea hatua moja aliharibu mstari mzima. Wafanyakazi wa ofisi walicheza, wanafunzi walicheza, wauzaji wa soko walicheza. Wengi tulicheza kwa kuwa tulilazimika, lakini nikisema hatukufurahia hata kidogo nitakuwa ninadanganya.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kadutu, na nilipewa kazi ya kuwafundisha kina mama wa kata yetu. Tulikutana alasiri, baada ya masomo, kwenye uwanja wa shule. Kadutu yote ni mteremko, na uwanja ule ulikuwa karibu mahali pekee ambapo watu thelathini wangeweza kucheza bila kuteleza.

Tuliletewa kitambaa cha kijani chenye picha ya mkono ulioshika mwenge, alama ya chama tawala, hapa na pale. Nilikipeleka kwa fundi wetu wa nguo. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, ambaye polio ilimharibia miguu tangu utotoni. Alitembea kwa fimbo mbili, polepole. Cherehani ya kukanyaga haikumfaa, kwa hiyo alitumia ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Aliiweka mezani barazani kwake na kuizungusha kutwa nzima. Alijua kiuno na bega la kila mama wa kata. Watu walimheshimu, lakini walikuja kwake na kitambaa wakaondoka na nguo. Aliwashonea za harusi na hakuna aliyemwalika harusini.

Siku niliyompelekea kitambaa nilimwonya asikate mwenge. Mtu angeweza kuitwa ofisini akaulizwa kwa nini amekata alama ya chama vipande viwili.

"Mwalimu, mimi niko na akili," alijibu bila kuinua macho.

Kwa hiyo alikata akiizunguka mienge, na katikati yake vikabaki vipande vidogo vya kijani kitupu. Kwa desturi ya mafundi wetu, vipande vinavyobaki ni vya fundi. Wengine hushonea foronya, wengine kofia za watoto wachanga.

Nilipokwenda kuchukua nguo, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya kufika mgeni, mkubwa wa serikali tuliyejiandaa kumchezea, nilikuta rundo limekunjwa vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa blauzi na kitambaa cha kujifunga kiunoni, vyote vya kijani, vimeunganishwa kwa vipande vingi mno, na mishono imepigwa pasi mpaka haikuonekana kwa urahisi. Havikuwa na mwenge hata mmoja.

"Hii ni ya nani?" niliuliza, ingawa niliona.

"Yangu. Miye niko mutu wa kata hii, ao hapana?"

Hapo nilifanya kosa ambalo watu wema hulifanya mara nyingi. Nilifurahi, nikamwambia nitamwekea kiti kizuri kando ya wapiga ngoma, atusaidie kupiga makofi. Alianza tena kuzungusha cherehani.

"Ngoma hata hapa nyumbani niko naisikia, mwalimu. Mimi nataka mustari."

Nilipanda mlima kurudi kwangu nikiwa na rundo kichwani na jibu lake masikioni. Hatua zetu zilikuwa nne mbele, kugeuka, nne nyuma. Ningemweka wapi? Nilikuwa karibu kufika nilipomkumbuka bibi yangu wa Kabare. Kwenye harusi, hata magoti yalipomkataa, hakuacha kucheza. Alikaa kwenye kigoda, akainua mikono kama pembe za ng'ombe, akacheza kwa mabega, na hakuna aliyesema kwamba bibi hachezi.

Kesho yake niliwaomba kina mama waje na vigoda vyao vya jikoni. Wimbo wa pili, niliwaeleza, tutaucheza tumekaa, mstari wote.

"Tutaonekana sawa watu ya kumenya viazi," alisema mama mmoja muuza mboga, mzaliwa wa Kavumu, aliyekuwa mbele ya mstari na hakupenda mabadiliko.

Walicheka, wakakaa. Fundi alikaa katikati yao, fimbo zake chini ya kigoda. Ngoma ilipoanza, tuligundua jambo ambalo sikulitarajia. Ukikaa, kiuno hakikusaidii na miguu haikufichi. Kazi yote inabaki mabegani. Dakika chache tu, mikono ya kina mama ikaanza kushuka. Mikono ya fundi ilibaki juu. Miaka ya cherehani ilikuwa imeyatengeneza mabega yale.

"Mama, usivute shingo," alimwambia yule muuza mboga. "Bega ndio litangulie, mukono ulifuate. Tazama."

"Natazama, lakini langu linakataa."

"Halikatae. Halijazoea."

Mimi mwenyewe nilirekebishwa mara mbili siku hiyo, mbele ya wote.

Asubuhi ya kumpokea mgeni, mjumbe wa chama alipita kukagua mistari. Alikuwa amevaa abakosi iliyonyooshwa, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa siku zile. Alivitazama vigoda, kisha akasimama mbele ya fundi.

"Huyu nguo yake haina mwenge. Atoke."

Fundi alishika kigoda chake kwa mikono miwili. Aliyejibu alikuwa yule muuza mboga, akimwita raia kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa siku zile.

"Citoyen, kitambaa kilikuwa kidogo. Kwa kumupa mwenge, ilikuwa lazima akate mumoja katikati. Yeye alikataa kuukata. Ao ulitaka aukate?"

Mstari wote ukamtazama mjumbe. Akaenda kukagua wapiga ngoma.

Tulicheza. Wimbo wa kwanza fundi aliimba amekaa, sisi tukienda na kurudi pande zake mbili. Wa pili tulikaa sote, na mikono ikapanda pamoja. Sijui mgeni aliona nini, maana alikuwa mbali chini ya kivuli. Mimi niliona mstari usio na pengo.

Wiki iliyofuata nilipita barazani kwa fundi. Yule muuza mboga alikuwa ameketi pale na kapu lake la sombe, majani ya muhogo.

"Umeleta kitambaa gani?" fundi alimwuliza.

"Leo sina kitambaa. Binti wangu anaolewa mwezi ujao, na wewe utakuja, utakaa na sisi mbele. Sasa nionyeshe tena lile bega, nisikuje kupata haya mbele ya wakwe."

Fundi aliisukuma cherehani pembeni.