Matanga ya Mchora Vibuyu

Nilisikia kilio kabla sijamwona mliaji. Kilitoka nyuma ya shamba la mtama, kikasogea hadi uani kwetu, kijijini Mungaa. Mama yangu, aliyekuwa akipepeta uwele, akauliza, "Nani tena ametuacha?"

Kumbe aliyekuwa akililiwa ni yeye mwenyewe. Mama mdogo alitokea amejifunga kaniki kiunoni, akamwona dada yake na ungo mkononi, akaanguka kama gunia.

Tulipompa maji akaeleza. Huko Singida mjini alikuwa amepita kwa tajiri mwenye nyumba ya sanaa, akamsikia akimwambia Mzungu wa bomani kwamba mwanamke aliyechora vile vibuyu amefariki, na vilivyobaki ni hivyo tu. Mzungu angerudi Jumamosi kuchagua.

Mtu huyo tulimjua tangu alipokuwa akichuuza chumvi kwa punda. Aligundua mapema kwamba Wazungu wanaosubiri treni hununua vigoda, akaachana na chumvi. Alikusanya vigoda, ngoma na vibuyu vya maziwa, akazipaka chokaa kuta za duka lake, akavitundika kimoja kimoja kwa nafasi, kama picha za watakatifu. Jicho alikuwa nalo, sikatai. Pale tulipoona maziwa, yeye aliona uzuri. Miaka yote hiyo mama alichoma nakshi kwa ncha ya chuma cha moto, akampelekea, wala jina lake halikutamkwa mle ndani. Siku alipotajwa, alitajwa azikwe. Na mji ukishaamini amekufa, nani atamwagiza kibuyu tena?

Nilikwisha kutafuta kiberiti. Mama akacheka.

"Ukichoma duka, umechoma kazi yangu. Kwetu sisi, anayetangaza msiba ndiye anayewalisha waombolezaji. Twendeni tukale."

Jumamosi tuliingia dukani wanawake kumi na wawili, miguu imejaa vumbi la njia, Mzungu akiwa ameshika kibuyu. Tukaketi sakafuni, tukanyoosha miguu, tukalia. Sijawahi kulia kwa raha kiasi kile.

"Jamani, akina mama, kuna nini?" tajiri akauliza.

"Msiba, baba," mama mdogo akajibu. "Hata salamu hukututumia, tumesikia kwa watu."

"Msiba wa nani?"

"Wa mchora vibuyu. Wewe ndiye uliyemwona akikata roho. Ameacha wosia gani?"

Mzungu, aliyejua Kiswahili, akavua kofia kwa heshima. Hapo mama akasimama katikati yetu.

"Marehemu ni mimi," akasema. "Baba, nioneshe kaburi langu nikalipalilie. Mvua zimekaribia."

Vilio vikageuka vicheko. Mzungu akairudisha kofia kichwani, akamtazama tajiri.

"Huyu ni... huyu ni dada yake," tajiri akasema.

Mama akakichukua kile kibuyu mkononi mwa Mzungu, akapitisha kidole juu ya nakshi. "Hapa mstari umepinda. Huyu mwanangu, nilipokuwa nimembeba mgongoni, alinipiga teke, chuma kikateleza. Dada yangu angelijuaje teke hilo?"

Mzungu akatoa daftari, akamwomba jina lake. Mama alilitamka pole pole, la kwake na la baba yake, akasubiri hadi kalamu imalize. Nilimtazama tajiri muda wote, nisipitwe na hata tone moja la jasho lake.

"Mama, nisamehe," akasema. "Ilikuwa biashara tu."

"Nimekusamehe," mama akasema, akaketi tena. "Lakini hawa wametoka mbali."

Mimi sikuwa nimesamehe, na hadi leo bado. "Ng'ombe, mzee," nikamwambia. "Matanga ya msanii mkubwa kama huyu hayaliwi kuku. Na mnada ni leo."

Alizitazama ngoma zake ukutani, kana kwamba moja ingemtetea. Kisha akachukua fimbo, akapita katikati ya miguu yetu akiomba radhi kila hatua, akatoka. Nikainuka, nikafunga mlango nyuma yake, nikatia komeo, asije akarudi bila ng'ombe.