Mume Wangu Alikuwa Akigombana na Kiti

Nimeshona nguo za watu miaka kumi na tatu, na pale kwenye cherehani nimesikia umbea wa kila rangi.

Lakini siku niliyomkuta mume wangu anakifokea kiti kitupu, mbele ya mwanamke nisiyemjua, niliona jipya.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mume wangu ni fundi wa friji. Mpole, mtu wa maneno machache. Tuna mtoto mmoja wa miaka sita, tunamwita Kibonge. Na tunaishi na baba mkwe, Babu, tangu afiwe na mkewe.

Basi, mume akaanza vituko.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi ananyoa ndevu, anavaa shati lililopigwa pasi, anaaga.

"Naenda kwa mteja."

Boksi la vifaa limebaki chini ya meza!

Fundi gani anaenda kutengeneza friji mikono mitupu? Ataipuliza kwa mdomo?

Simu anaizima. Akirudi, macho mekundu, chakula hagusi, anajitupa kitandani na kuuangalia ukuta.

Nikasema hapa kuna mwanamke. Tena anamliza.

Wa kumwambia alikuwa Babu tu. Jamani, yule mzee nilimpenda. Alikuwa anamfunga Kibonge kamba za viatu kila asubuhi, na mimi nikizidiwa na nguo za wateja ananimenyea viazi.

"Mwanangu," akaniambia, "dalili ya mvua ni mawingu. Mfuate. Sikiliza anachosema huko, uje uniambie."

"Mimi nataka nimwone huyo mwanamke, Babu."

"Sikiliza anachosema," akarudia.

Sikutilia maanani.

Jumamosi hiyo nikavaa miwani ya jua na kofia, jasusi wa kujitegemea. Nikamfuata mpaka kwenye jengo moja, ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi. Akaingia. Nikabandika sikio mlangoni.

"Kwa nini ulinifungia? Nilikuwa na miaka tisa!"

Sauti ya mume wangu. Sikuwahi kuisikia ikipanda hivyo.

Nikasukuma mlango.

Amesimama, jasho linamtoka, anakinyooshea kidole kiti kitupu. Pembeni ameketi mama wa makamo na daftari lake.

"Umemfanyia nini mume wangu? Wewe mganga wa wapi?"

"Mimi ni mshauri nasaha, mama," akajibu taratibu. "Na saa hii ni yake. Ukae au utoke, ataamua yeye."

Nikamtazama mume wangu.

"Nisubiri nje," akasema.

Iliniuma! Nikakaa kwenye ngazi nikisaga meno.

Alipotoka akaniambia, "Siwezi kukueleza njiani. Jumamosi ijayo tuingie wote wawili."

Nyumbani Babu alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Amesema nini?"

"Babu, mwanao anagombana na kiti!"

"Kiti hicho ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi ikafika. Mshauri akatuketisha tukitazamana. Sharti lake: mmoja akisema, mwenzake arudie alichosikia, ndipo ajibu.

"Una mwanamke," nikaanza.

"Umesema nina mwanamke," akarudia.

"Ndiyo, nimesema!"

Zamu yake akashusha pumzi.

"Kile kiti ni Baba; mshauri huniambia niongee nacho kana kwamba amekaa pale. Nilivunja redio yake, akanifungia stoo siku mbili bila maji. Makovu ya mgongoni si ya baiskeli kama nilivyokwambia. Ni waya. Kila nikimwona Kibonge mapajani kwake, natamani kumnyakua."

Ilikuwa zamu yangu kurudia.

"Umesema... Babu? Huyu huyu wetu?"

Niseme ukweli: sikumwamini. Nilidhani amesukiwa uongo pale kwa mshauri ili afiche lake.

Lakini wasiwasi ukishaingia hautoki. Wiki ile nilikuwa namfuata Kibonge hadi chooni. Nikiitazama mikono ya Babu ikimenya viazi, najiuliza: ni hii?

Nani ananidanganya, baba au mwana?

"Nyinyi wawili mmeanza kusikilizana," mshauri akatuambia safari nyingine. "Ila anayetajwa hayupo. Mumeo akiwa tayari, tutakaa kama familia."

Ilimchukua wiki tano.

Kibonge tukamwacha kwa jirani, tukaenda na Babu kwa mshauri. Babu akachagua kiti cha karibu na mlango. Mume wangu akaongea yote: redio, waya, stoo. Hakufoka hata mara moja.

Babu akakohoa.

"Hazikuwa siku mbili."

Nikajua anakana.

"Zilikuwa tatu. Ya tatu huijui. Ulikuwa umezimia."



Akanigeukia. "Macho yale mekundu niliyajua tangu utotoni mwake. Nilikutuma nijue kama amenitaja. Kila Jumamosi nilikuwa nasubiri kufukuzwa."

Kumbe niliyekuwa namshitakia mume wangu ndiye aliyekuwa amemvunja. Na mimi nilikuwa jasusi wake bila kujua.

Hakuna aliyemkumbatia mwenzake.

"Sijakusamehe," mume wangu akasema. "Sijui kama nitaweza."

"Sikuja kukudai hilo," Babu akajibu, machozi yakimlenga.

Leo Babu anaishi kwa wifi yangu. Anatutembelea Jumapili, ila haachwi peke yake na Kibonge. Mume wangu ndiye aliyesema hivyo, na mzee akakubali bila neno. Kwa mshauri mume wangu bado anaenda peke yake, na mara moja kwa mwezi tunaenda wote wawili. Ameanza kulala usiku mzima.

Ndugu zangu, kabla hujamfuata mtu wako, muulize. Akikwambia bado hawezi kusema, usikimbilie kwa shahidi wa pembeni, maana hujui naye anaficha nini. Msindikize mpaka mlangoni, kaa kwenye ngazi, umsubiri.