Nililinganisha rezo zote za Kalembe ili shangazi wa mchumba wangu aone mbuzi wa mahari

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kalembe. Mama yangu amekaa pembeni anachambua maharagwe na ameshaniambia nikiongeza chumvi atachukua simu aandike yeye. Kwa hiyo mtapata ukweli mtupu.

Niko na mchumba, anaitwa Neema, wa kule Ngungu. Kwao mahari ni mbuzi, na mwenye neno la mwisho juu ya mbuzi ni shangazi wa binti. Si baba, si mjomba. Shangazi anakuja, anawapapasa mgongo, anawaangalia meno, akitikisa kichwa mnarudi nyumbani mkajipange upya.

Sasa shangazi wa Neema anaumwa magoti. Na barabara ya kutoka Ngungu mpaka huku mnaijua, pikipiki inakutoa hata magoti ambayo hayaumi.

Neema akaleta wazo: "Muoneshe kwa video call." Mimi nikasema hiyo ni kazi ndogo. Mimi hapa kijijini ndiye mtu wa simu. Watu wananiletea simu zao nizitazame, na wakati mwingine zinapona.

Nikaanza utafiti, wakuu.

Hapa tuna rezo tatu, yaani mitandao ya simu, na hakuna anayeziita kwa majina yake. Ya kwanza tunaiita ya Kanisa, kwa sababu inashika mlangoni mwa kanisa tu, tena upande wa kushoto. Internet haina kabisa, ni ya kuongea. Wanaitumia wazee.

Ya pili ni ya Mlima. Ukipanda mpaka juu kwenye shamba la mihogo, internet inakuja vizuri, hata picha zinafunguka.

Ya tatu ina matangazo makubwa mjini na wasichana wanaocheka kwenye mabango. Huku haijawahi kushika hata sehemu moja. Puce yake, ile laini, ninayo bado, sijui naitunzia nini.

Kwa hiyo ikabaki ya Mlima. Nikaenda sokoni kwa dada Solange, anayeuza unités za simu chini ya mwavuli, nikamuuliza forfait zote, yaani vifurushi vya internet. Ya siku, ya wiki, ya mwezi. Nikapiga hesabu ya mega kwa kila moja kama mtu anayenunua kiwanja.

Ya mwezi ilikuwa na mega nyingi ajabu kwa bei ya karibu na ya wiki. Nikaona hawa watu wamekosea bei, ngoja niwahi kabla hawajajua.

Dada Solange akaniambia, "Kaka, soma kwanza message yenye inakuja."

Nikamwambia nitaisoma nyumbani. Mnajua tena.

Siku ikafika. Tulipanda mlima mchana, mimi, mama, na mbuzi wetu wawili. Wakuu, wale mbuzi wamenona, nilikuwa nimewaosha. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka kwa sababu alitaka shangazi amuone naye.

Nyuma yetu akaja mbuzi wa tatu. Huyo ni wa jirani, Papa Safari. Ni mgonjwa wa siku nyingi, kijiji kizima kinamjua, amebaki pembe na macho. Tulimfukuza, akawa anarudi. Mwishowe tukamwacha.

Nikawasha internet. Kumbe simu yangu ilikuwa na njaa ya wiki nzima. Ikaanza kushusha kila kitu: video za magrupu, updates za app ambazo sikumbuki kama niliziweka. Mimi niko busy napanga mbuzi, sikuona.

Nikapiga. Neema akapokea, akamshikisha shangazi simu. Nikageuza kamera kwa furaha kubwa.

Na nani alikuwa amesimama mbele? Yule wa Papa Safari.

Shangazi akasogeza uso kwenye simu, akasema, "Mutoto yangu, ule njo mbuzi? Iko inasimama yenyewe ao mumeiegemesha?"

Kabla sijafungua mdomo, picha ikaganda na simu ikakatika.

Nikapiga tena, wapi. Ndipo nikaisoma ile message aliyoniambia dada Solange. Karibu mega zote za ile forfait zilikuwa za usiku wa manane mpaka alfajiri. Za mchana zilikuwa chache, na simu yangu ilishazila kwa kushusha video za watu wanaoanguka kwenye matope.

Kidogo ikaingia SMS ya Neema: "Shangazi amekasirika. Anasema kama mbuzi ni huyo, tungoje mwaka ujao."

Hapo nilikaa chini kwenye mihogo. Sitaki kuwadanganya, niliogopa kweli. Neema nimemsubiri muda mrefu, na mwaka ujao kwa binti kama yule ni mbali sana. Yako majina mengine ya vijana yanayotajwa pale kwao.

Mama naye alikuwa amekasirika, ila kwa sababu nyingine. Kitenge chake hakikuonekana.

Akaniuliza, "Ule shangazi anatumiaka rezo gani?"

Sikujua. Mimi na Neema tunaandikiana WhatsApp, sikuwahi kufikiria shangazi anatumia nini. Nikamwomba Neema namba kwa SMS. Mama akaitazama, akacheka.

"Hii iko rezo yangu. Tushuke."

Wakuu, ya Kanisa. Na ya Kanisa kwenda ya Kanisa, forfait ya siku, unaongea mpaka unachoka kwa bei ya ndizi chache. Hiyo hata sikuilinganisha, niliona ni ya wazee.

Tukashuka. Mama akasimama kushoto mwa mlango na kisimu chake cha tochi. Nilishampangia maneno yote: aanze na mbuzi wa jirani, aeleze, aombe radhi.

Akaanza hivi: "Dada yangu, niko mama ya Bahati. Unaendelea aje na ile magoti?"

Nikasikia upande wa pili sauti inalainika. Kumbe katika mazungumzo yote ya mahari, upande wetu hakuna aliyewahi kumuuliza yule mama hali ya magoti yake. Hata mimi.

Wakaongea. Magoti, dawa za kuchua, mihogo inayooza, watoto wasiosikia. Mimi nanong'ona, "Mbuzi, mama, mbuzi." Akanigeuzia mgongo. Nikazunguka, akanisukuma kwa kiwiko. Nilisikia wanacheka, tena nadhani mimi ndiye niliyekuwa nachekwa.

Waliongea mpaka betri ikafa. Mama akaweka simu kwenye kitenge.

"Mutaoana maharagwe ikisha kuvunwa."

Nikamwambia, "Asante mama. Na mbuzi?"

"Mbuzi? Hatukufikia kwa mbuzi."

Nilicheka peke yangu pale mlangoni mpaka mchungaji akatoka kuangalia kuna nini.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujalinganisha mega, muulize unayempigia yuko rezo gani na unaposimama kunashika nini. Soma saa za forfait kabla hujalipa. Na uzime updates, kama uko na mbuzi ama huna.

Sasa mlioko Masisi na Walikale, leteni zenu. Mnatumia ipi, na mnasimama wapi ishike? Msiniandikie tangazo linasema nini, niandikieni inavyoshika.

Na ukiwa upande wa Ngungu siku ile ya harusi, usipige simu kuuliza ni nyumba gani. Mama na shangazi watakuwa wameketi pamoja, utawasikia kutoka barabarani.