Joto Likishuka, Mama Atakuja

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati kwa ajili ya mafua tu. Nesi kijana akanielekezea kidude cha kupimia joto kwenye paji la uso, kikalia, kazi ikaisha. Hakunigusa hata kidogo. Nikakaa kwenye benchi kusubiri dawa, na ghafla, rafiki yangu, nikawa mtoto tena, nimelazwa katika hospitali ndogo upande wa Korogwe, miaka ile ya vijiji vya ujamaa.

Nilikuwa na nimonia. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alinibeba mgongoni kutoka kwetu, ndani ndani huko Handeni, hadi Mkata, tukapanda basi. Wodini kulinuka dawa ya kusafishia sakafu, na upepo ukigeuka ilikuja harufu nzito ya mkonge uliochakatwa. Mchana tulisikia garimoshi likipiga honi, watoto wote tukanyanyua vichwa.

Nesi wetu alikuwa mama wa Kisambaa kutoka Vugiri, mpole, mwenye saa iliyoning'inia kifuani kichwa chini. Asubuhi na jioni alikung'uta kipimajoto, akakiweka kwapani mwangu. "Bana, mwanangu, usicheze." Wakati huo huo alinishika kifundo cha mkono akitazama saa yake, kisha akahesabu pumzi zangu akiangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniangalia kwa makini namna ile. Nilimpenda sana. Mama naye alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, akinilisha uji wa mahindi kidogo kidogo.

Asubuhi moja mama alinifunika kanga yake. "Nakwenda sokoni kukununulia ndizi," akasema. "Narudi sasa hivi."

Hakurudi. Mchana ukapita, jioni ikaingia. Nililia mpaka kifua kikabana. Nesi akaja, akakaa kitandani. "Ukilia joto linapanda. Joto likishuka, mama atakuja kukuchukua, mrudi nyumbani."

Nikaamini. Kuanzia hapo nikawa nalala bila kujitikisa, kama gogo, nisije nikapandisha joto. Uji niliuacha upoe kabisa, nikidhani ule moto wake utaonekana kwenye kipimo. Blanketi nililisukuma miguuni, nikatetemeka, wenzangu wakanicheka. Kila nesi aliposoma kipimajoto niliuliza, "Limeshuka?" Naye akajibu, "Bado kidogo."

Hatimaye akatabasamu. "Limeshuka." Nikaketi kutazama mlango. Aliyeingia alikuwa shangazi, dada yake baba.

Tuliposhuka Mkata, shangazi hakushika njia yetu.

"Shangazi, kwetu ni huku."

"Twende tu, mwanangu."

Tukafika mahali ambapo nyumba zilipangwa mistari, udongo wake bado mbichi. Mama alikuwa anakandika ukuta, matope hadi viwikoni. Alinikimbilia. Nikamuuliza tutakwenda nyumbani lini.

"Hapa ndipo nyumbani, mwanangu."

Shangazi ndiye aliyenieleza, tukiwa tunamenya muhogo. Habari ilimfikia mama kule hospitalini kwamba watu wetu wanahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, na nyumba isiyo na mtu itaezuliwa vyombo vikiwa ndani. Mama akamwambia nesi kila kitu, akamwomba asiniambie. Kumbe yule nesi alijua. Siku zote zile alizonishika mkono na kuniangalia usoni, alijua mama haji, na alijua nyumba ya kurudi haipo.

Mama alileta bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, akanipelekea mgongo wa kiganja shingoni kuona kama bado nina joto. Nikakwepa. Akaurudisha mkono taratibu, akaufuta kwenye kanga, ingawa alikuwa ameshanawa.

Alipokuwa mzee nilimuuliza kwa nini hakuniaga. "Ningekuaga, ungenishika nguo," akasema, "na mimi nisingeondoka." Najua alisema kweli. Najua pia kwamba sufuria tulizopikia mwaka ule ni zile alizoziokoa. Bado inaniuma.

Kule kwetu sasa ni vichaka. Nilipokwenda, hata mahali palipokuwa na jiko sikupatambua. Lakini siyo nyumba ninayoililia zaidi. Mwaka ule wote, kila mama alipotoka, hata kama ni kwenda kuteka maji tu, niliacha mchezo nikasimama mlangoni, nikamtazama mpaka akapotea. Alikuwa akigeuka na kusema, "Narudi sasa hivi." Neno hilo sikuliamini tena.