Moto Kooni mwa Fundi Mugendi

Watu wa Karurumo walimjua Mugendi kwa mambo mawili: geti zake hazikupinda, na chai aliinywa ikiwa karibu kutokota. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mafundi wenzake walishikilia kwamba moshi wa kazi huoshwa kifuani kwa chai ya maziwa, tena iwe moto wa kuunguza, na aliyepuliza kikombe alichekwa kama mtoto wa kunyonya. Mugendi hakupuliza. Alipokea, akainua, akameza, akarudisha kikombe kitupu huku mwenye kibanda cha chai ameshika kiuno. Upuuzi mtupu! Lakini mtu akishavishwa kilemba cha ukoka, ni nadra akivue mwenyewe.

Kisha githeri, chakula chake cha mahindi na maharagwe, ikaanza kumkwama. Mahindi yalishuka hadi katikati ya kifua yakagoma hapo, naye akajipiga ngumi kifuani mara mbili, yakapita. Mkewe, Karimi, alizitazama ngumi hizo akanyamaza hadi akashindwa. Kwao Meru alikuwa amezika wajomba wawili kwa ugonjwa wa koo.

"Baba Kendi, twende hospitali. Ama unataka nikuzike na hizo geti zako?"

Hospitalini walimpitishia mpira mwembamba wenye kamera kooni. Baadaye Daktari Gitari akawakalisha wote wawili.

"Ngozi ya ndani ya njia ya chakula imeharibika," alisema. "Si kansa bado, lakini inaelekea huko. Bahati yako umekuja mapema. Wengi huniletea koo wakati ni chai tu inayopita, na hapo hii dawa yangu haisaidii tena."

"Dawa gani?"

"Tutakuchoma. Mpira unaingia tena, tunapuliza gesi, tunapitisha umeme, na ile cheche inachoma ngozi mbaya, ya juu juu tu. Mpya inamea."

"Gesi gani hiyo, daktari?"

"Argoni."

Mugendi alishtuka nusura aanguke na kiti. Argoni aliijua! Aliwahi kuona mitungi yake Embu mjini, kwa fundi anayechomelea aluminiamu.

"Daktari, wacha mchezo. Hiyo ni gesi ya welding!"

"Ni hiyo hiyo."

"Sasa mimi ni geti?"

Karimi alicheka, kisha akafuta machozi. Mugendi hakucheka. Aliuliza ni nini kilichomharibu, naye daktari akamuuliza hunywa chai ya namna gani. Karimi ndiye aliyejibu: ya moto wa kuunguza. Daktari akaeleza kwamba kuunguza koo kila siku, miaka nenda miaka rudi, ni mojawapo ya mambo yanayoleta balaa hilo. Moto ndio uliomharibu, na moto ndio utakaomtibu! Angemwambia nani akaaminiwa?

Hakumwambia mtu. Alipewa dawa ya usingizi, akachomwa, akaamka kifua kikimuuma, akapewa masharti: vyakula laini na baridi hadi kidonda kipone, halafu arudi aangaliwe kama ngozi ile mbaya imeisha. Akikiunguza kidonda, kitatoka damu, au kovu litaibana njia yenyewe. Kule Karurumo alisingizia meno. Ukitaja koo tu pale kijijini, majirani wanaanza kuulizana shamba lako litarithiwa na nani.

Kidonda kilikuwa bado kibichi walipoitwa Meru, kwa mama yake Karimi. Teresia aliuza ndizi katika soko la Gakoromone, na siku hiyo alikuwa akimpokea mtoto mchanga wa mwanawe Kiunga. Nyumba ilijaa. Teresia alimletea mkwe wake chai mwenyewe, kwa mikono miwili, kutoka jikoni moja kwa moja. Mkwe hakatai kikombe cha mama mkwe, na kukiacha kipoe ni kumtukana mpishi.

"Nyamazeni muone!" Kiunga akapaza sauti. "Huyu shemeji anakunywa moto!"

Macho yote yakamgeukia. Mugendi aliinua kikombe, mvuke ukampiga mdomoni. Karimi alifumba macho. Ikawa ama aibu, ama koo lake.

Akakirudisha mezani.

"Mama, unisamehe. Siwezi."

Na kwa kuwa Mugendi alikwisha kuyavulia maji nguo, akayaoga: akaeleza githeri ilivyokuwa ikimkwama, ngumi za kifuani, chai ya moto, na argoni. Kiunga alibaki mdomo wazi. Mtu mzima kuchomelewa kooni kama bomba!

Teresia hakukasirika. Aliketi polepole, sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, mapajani. Mugendi akaona kwamba chai ya Teresia ilikuwa imeisha, lakini mukimo haukuwa umeguswa.

"Mama, na wewe hujala."

"Nimeshiba."

"Hata Krismasi ulisema umeshiba," Karimi akasema, na sauti yake ikabadilika.

Teresia akamega kidogo ili wamwache. Akameza. Akatulia, akitazama sakafu, kisha ngumi yake ikapanda ikajipiga kifuani, mara mbili. Mugendi aliijua ngumi ile. Alisimama, akasahau adabu zote za ukwe, akamshika mkono.

"Ilianza lini, Mama?"

"Kitambo, baba. Mahindi ndiyo yalitangulia kunishinda." Alijaribu kutabasamu. "Lakini usijali. Chai inapita. Siku hizi ni chai tu inayopita."

Mugendi alimtazama Karimi. Karimi alikuwa ameketi karibu naye siku ile kwa daktari, na hakuwa amesahau neno hata moja.