Swichi za Mgongoni Kwenye Boti ya Bwawa

Aibu niliyopata kwenye lile bwawa la Kitui ingetosha ukoo mzima kuanzia Emali hadi Ikutha, na yote ilianza kwa sababu nilikataa kugeuza shingo.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza shule ya jioni (cheti nilitembea nacho kama kitambulisho), nikaajiriwa kuendesha boti ya kupima kina cha maji. Aliyeitengeneza, Mungu amsamehe, aliweka swichi ukutani nyuma ya dereva, tatu, nyeusi, zinafanana kama mapacha. Mzee Musyoka, aliyenifundisha kazi, alizielekea akasema, "Ya kushoto honi, ya katikati taa, ya kulia spika. Kukiwa na ukungu piga honi, watu huingia majini humu."

"Mzee, mimi nimesoma," nikamjibu.

Asubuhi moja ya Julai ukungu ukashuka hata pua ya boti sikuiona. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma, nikabonyeza. Honi kimya. (Ukizipa mgongo, kushoto kwa anayezitazama ni kulia kwako, lakini hapo shule ya jioni hatukufika.) Nikanung'unika, "Kwani imekufa?" na papo hapo sauti nzito ya jitu, juu ya maji, ikasema nami, "Imekufa?"

 Chini ya maji yale kuna maboma na makaburi, yalifunikwa bwawa lilipojaa. Nikakumbuka kanisani tunaambiwa pepo hawezi kuitikia salamu ya Bwana, basi nikapaza, "Bwana asifiwe!"

Kutoka majini, watu kama elfu wakaitikia, "Ameni!"

Jamani! "Wazee mliozikwa humu, msinichukue, hata sijaoa!" nikalia, na kwa woga nikaongeza mwendo.

"Wewe kijana!" mwanamume akapiga kelele mbele yangu. "Zima injini! Tunabatiza, kuna watu majini!"

Nikazima. Boti ikateleza kimya kimya, na ukungu ukatoa nguo nyeupe moja baada ya nyingine, maji kifuani, macho kwangu, hakuna anayesonga. Pua ikasimama kwenye kiganja cha mchungaji. Nyuma yake mama mmoja alikuwa amemkumbatia bintiye.

"Sauti yako ilivuma kwenye spika, tukadhani ni wahubiri wa ng'ambo," mchungaji akasema polepole. "Ungepiga honi, tungetoka."

Ukingoni kwaya ikaangua kicheko. "Kwa uendeshaji huo, kijana, hatukupi mke!"

Swichi zilihamishwa mbele. Mimi niliapa kutogusa tena kitu cha chombo bila kukitazama usoni, maana kicheko nilishakizoea, lakini nikifumba macho bado naziona zile nguo nyeupe zimesimama, na pua ya boti inazidi kwenda.